Mabata katika Dembo ya Baba

Hapa kwetu Katanga hakuna mtu asiyejua dembo. Unatoka mjini, unapita katika pori, halafu miti inakwisha ghafula na mbele yako kuna bonde pana la majani tupu. Wakati wa kipwa unaweza kulivuka na kinga bila kulowesha kiatu. Wakati wa mvua unazama mpaka magoti. Udongo wake ni mweusi na mzito, unashika maji ya mvua na kuyaachilia pole pole, hata mwezi wa nane kijito cha chini bado kinatembea wakati visima vya mlimani vimekauka. Mito yetu mingi inaanzia katika madembo ya namna hiyo.

Pamoja na hayo, ukimwuliza mtu wa mjini dembo ni nini, atakujibu: "Ile haiko shamba, iko matope tu." Kwake ni udongo wa bure. Anayetaka matofali anachimba mule, anayetaka mahindi anapasua mifereji, anayetaka kuosha mukuba anatafuta njia ya kupitisha kamio. Na mwenye lupangu, kama ni mtu wa shida sawa vile tulivyo wengi, anafurahi kwamba mwishowe matope yake yamepata bei.

Wasomaji wapenzi, nataka kuwaandikia juu ya dembo moja ninayoijua vizuri sababu ni ya jamaa yetu, na juu ya mabata ya pori wanaokaa mule. Sikusoma mambo ya wanyama. Nilifundisha shule ya msingi miaka 31, na sasa niko kwenye pansio. Niliyoyajua juu ya ndege hawa nimeyapata kwa kuwatazama, na mengine kwa vitabu ambavyo wajukuu wangu wananiletea.

Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi. Alipomaliza kazi, mwaka wa 1986, wenzake walinunua nyumba ya pili ama motokari ya kukodisha. Yeye akaomba konsesio upande wa Lufira, chini ya Likasi, karibu hekta 40, na katika hizo 12 hivi zilikuwa dembo. Walimcheka sana. Walisema, "Muzee amenunua mayi." Baba hakukasirika. Alilima mlimani, akaweka ng'ombe wanne, na dembo akaiacha kama alivyoikuta.

Nisiwadanganye kwamba Baba alichunga mabata kwa sababu ya kuwapenda tu. Alipenda nyama yao. Alikuwa na bunduki yenye makaratasi yake, na mwezi wa sita ama wa saba alikuwa akileta mabata wawili watatu, tukala na jirani. Lakini tangu mvua ya kwanza mpaka Pasaka kupita, hakuna mtoto aliyepewa ruhusa ya kutega kamba katika dembo, na mbwa walifungwa. Mtu akibisha, Baba alimwuliza: "Wewe, unakulaka kuku yenye iko inalalia mayayi?" Basi maneno yakaisha.

Mabata wa dembo yetu si wa namna moja. Walio wengi ni wale wenye uso mweupe, wasiolia kama bata wa nyumbani. Wao wanapiga mluzi, sauti tatu zikifuatana, na wanapenda kupita usiku, hata mtu aliyelala anajua kundi limetoka wapi na linaenda wapi. Kuna yule mkubwa mweusi mwenye mwiba kwenye kila bawa. Katika ndege wote wa jamii ya bata wanaokaa Afrika, hakuna anayemshinda kwa ukubwa, na dume anaweza kupita kilo 6. Halafu kuna mdogo kabisa, mwenye mgongo wa kijani na kifua na ubavu wa rangi ya machungwa, anayejificha katikati ya majani ya maua ya maji. Huyo anakula mbegu za maua hayo. Maua yakifa kwa kukosa maji, hata usimtafute tena.

Mtu anayetaka kuwachunga lazima ajue kwanza hesabu ya siku zao. Bata wa mluzi anajenga chini, katika majani marefu karibu na maji. Mara nyingi anataga mayai 6 mpaka 12. Dume na jike wanalalia kwa zamu, siku 26 mpaka 30. (Nilipowaeleza wababa fulani kwamba dume naye analalia mayai, walicheka, lakini wake zao hawakucheka.) Watoto wakitoka wanafuata wazazi majini, na inawapasa majuma 8 hivi kabla ya kupaa. Wakianza kulalia katikati ya mwezi wa kwanza, watoto watapaa katikati ya mwezi wa nne. Katika siku hizo zote wanahitaji maji chini yao na majani juu yao. Maji yakitolewa mwezi wa pili, wazazi wanaweza kuruka na kwenda mahali pengine. Watoto wanabaki katika tope linalokauka, na mbwa anawaokota mmoja mmoja.

Kuna jambo lingine ambalo wengi hawalijui, na ningependa vijana walisome mara mbili. Kila mwaka, kisha kulea, mabata wakubwa wanapoteza manyoya yote ya kuruka kwa mara moja. Kuku anabadilisha manyoya kidogo kidogo, bata hapana. Majuma matatu hivi hawezi kuruka hata kidogo, na yule mkubwa mwenye mwiba anaweza kukaa majuma 6 ama 7 bila kuruka. Ulinzi wake wa pekee ni maji na matete. Katika siku hizo kijana mwenye fimbo anaweza kumaliza kundi zima kwa asubuhi moja. Nimeona wengine wakirudi na gunia, wakijisifu mbele ya wasichana kwamba wao ni wawindaji. Kumkamata mtu aliyefungwa miguu, hiyo ni kuwinda?

Baba alifariki mwaka wa 2012. Makaratasi yakabaki kwa Mama na sisi watoto wanne, mimi nikiwa wa kwanza. Miaka michache dembo ilikaa vile vile, kwani kila mtu alikuwa na shida zake mjini. Halafu wageni wakaanza kufika.

Wa kwanza walikuwa watu wa matofali. Mwaka wa 2018, wakati bei ya kobalti ilikuwa juu sana, alifika bwana mmoja na motokari nzuri. Hakuomba kuchimba. Alitaka maji tu, mahali pa kuoshea mawe ambayo wachimbaji wa mikono walikuwa wakileta kutoka ng'ambo ya barabara. Pesa aliyoitaja kwa mwezi mmoja ilipita pansio yangu ya mwaka mzima. Na mdogo wangu wa tatu alikuwa na fikira yake mwenyewe: kupasua mfereji mkubwa katikati ya dembo, kutoa maji, na kulima mahindi katika ule udongo mweusi.

Mdogo wangu huyo si mtu mbaya. Ana watoto sita, na wakati ule wawili walikuwa kwenye universite. Aliniambia mbele ya wote: "Yaya, mi sina mubaya na ndeke. Lakini ndeke hailipake minervali." Neno lake lilikuwa na uzito. Wanaohubiri juu ya kuchunga mapori wanapita haraka mahali hapa, nami sipendi. Mtu ambaye mtoto wake amefukuzwa shuleni mbele ya wenzake kwa sababu ya deni hawezi kushibishwa na sauti ya mluzi usiku. Tulikaa jumamosi tatu tukizungumza mambo hayo, na jumamosi ya pili tuliachana bila kuagana vizuri.

Juu ya yule bwana wa kuosha, Mama ndiye aliyemaliza maneno. Hakusoma sana, lakini alijua kuuliza. Aliuliza: "Mayi yenye banaosha nayo mukuba, inaendaka wapi?" Tukasema inashuka. "Inashuka kwa nani?" Tukanyamaza, sababu sote tunajua chini yetu kuna mugini, na wanawake wa mule wanachota pale pale. Mama akasema: "Ile mayi haiko yetu. Inapita tu kwetu." Bwana yule alirudi mara mbili, akaongeza bei, halafu akapata mahali pengine.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka wa 2009 waganga wa Universite ya Lubumbashi na wenzao wa Leuven, kule Ubelgiji, walitoa uchunguzi wao juu ya watu 351 wa Katanga, wakubwa kwa watoto. Katika mkojo wa wale wanaokaa karibu na migodi na viwanda walikuta kobalti nyingi sana, kupita watu wanaokaa mbali. Na tope la dembo ni kama chujio: linashika vitu vinavyoletwa na maji. Bata anatia mdomo katika tope hilo kutwa nzima, analichuja, anameza. Kisha mtu anamla bata. Ninasema hivi kwa wale wanaofikiri kwamba shida ya ndege haifiki mezani kwao.

Matofali yalikuwa jambo la kuzungumzika. Watu wa matofali wanapenda dembo kwa sababu udongo wake unashikana na maji yako karibu. Lakini wakiondoka wanaacha mashimo kila mahali, na mashimo hayo yanajaa maji yasiyotembea. Wengi wanasema dembo inaleta malaria. Kuna kweli ndani yake, lakini si yote. Mbu wa malaria anapendelea kuzaa katika madimbwi madogo yenye jua, mahali pasipo na samaki wa kula watoto wake: alama ya mguu wa ng'ombe, shimo la matofali. Ukichimba dembo mashimo mia, unamtengenezea makao.

Tukakumbuka jambo ambalo kila mtu wa Lubumbashi na Likasi analijua: matofali mazuri yanatoka katika vichuguu, vile vikubwa vya mchwa vinavyopita nyumba kwa urefu. Kule mlimani, katika lupangu yetu, tuna vichuguu zaidi ya kumi. Tukawapa vitatu. Waliguna kidogo kwa sababu ya kubeba maji, kisha wakakubali. Pesa ilikuwa ndogo kuliko ile ya dembo, tena ndogo sana kuliko ile ya kobalti, lakini ililipa minervali ya mwaka mmoja. Nasema mwaka mmoja. Wa pili tuliuza ng'ombe.

Ukabaki mfereji. Hapo mdogo wangu na mimi tuligombana kweli, na kilichotusaidia ni kwenda kuona kwa macho. Jirani wa chini yetu alikuwa amepasua mfereji katikati ya dembo yake tangu 2014. Miaka miwili ya kwanza alivuna mahindi mengi, hata mdogo wangu alikuwa akiyataja kila siku. Tulipofika mwaka wa 2019 tulikuta mambo mengine. Udongo mweusi ulikuwa umekauka, umepasuka, na mahali moto ulipopita ulikuwa umeungua mpaka ndani. Mfereji ambao alichimba kwa kipimo cha goti ulikuwa umekuwa shimo la kupita kimo cha mtu. Kila mvua inakula kingo zake. Na kichwa cha shimo hakikai mahali pamoja: maji yakianguka pale yanamega udongo, shimo linapanda juu. Kupanda juu ni kuja kwetu.

Mdogo wangu alisimama kwenye ukingo muda mrefu. Halafu akauliza swali moja tu, kutoka pale mpaka mpaka wetu ni hatua ngapi. Tukahesabu, hatua 140. Juu ya mfereji wake mwenyewe hakuongea tena.

Tulichokubaliana ni hiki. Katikati ya dembo hakuguswi, wala mfereji wala jembe. Pembeni, mahali udongo una unyevu bila kusimamisha maji, dada yetu analima mboga kwa kumwagilia na ndoo kutoka kisima kifupi, na wakati wa kipwa, mboga inapokosekana sokoni, anauza vizuri. Juu kidogo tulichimba mabwawa mawili madogo ya makoke. Ng'ombe wanaingia katika dembo kuanzia mwezi wa sita tu, wakati watoto wa mabata wamekwisha kupaa, nao kwa kula majani wanapunguza moto mkali wa mwezi wa tisa. Kamba na mbwa ni sawa na wakati wa Baba. Tumeongeza sheria moja ambayo yeye hakuijua: hakuna kuvua samaki na chandarua cha mbu, kwani chandarua kinachota kila kitu, mpaka mtoto wa bata anayepita chini ya majani.

Na sasa niseme juu ya makaratasi, sababu wengi wananiuliza.

Kwa sheria ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, udongo wote wa Kongo ni wa Serikali. Sisi tunapata konsesio, maana yake haki ya kuutumia. Sheria inataka udongo uliopewa mtu utumiwe kweli, usikae bure. Hapo njo kuna mtego. Mwaka wa 2020 alifika agenti mmoja wa mambo ya udongo, akatazama dembo, akaandika kwamba hekta 12 "hazijafanyiwa kazi." Akatuambia kwamba anaweza kutafutiwa mtu mwingine wa kuzitumia. Kwa macho yake, mabata 60, maji yanayonywesha mugini mzima, na majani ya ng'ombe wakati wa kipwa, hayo yote ni bure. Lakini kama tungechimba mashimo na kuharibu, angeandika kwamba tumefanya kazi.

Tulimjibu kwa maandiko, si kwa mdomo. Agronomu mmoja tunayemfahamu alitusaidia kuchora lupangu yote: hapa malisho ya ng'ombe, hapa mabwawa ya samaki, hapa mboga, hapa mizinga ya nyuki kando ya miti, na katikati akiba ya maji. Kila kitu kilikuwa cha kweli, tulikipa jina tu. Tukaweka muhuri wa shefu na majina ya watu wa mugini wanaochota maji chini. Agenti alipokea barua, akatupa nakala yenye tarehe. Hakuna jibu mpaka leo. Kwa hiyo shauri langu kwa wenye lupangu yenye dembo ni hili: msingojee agenti afike. Chora, andika, peleka, chukua nakala.

Tena msidhani kwamba mabata watakulinda kwa kila jambo. Kwa sheria ya migodi ya 2002, iliyobadilishwa mwaka wa 2018, kilicho chini ya udongo ni cha Serikali, nayo inaweza kumpa mtu mwingine ruhusa ya kukitafuta chini ya miguu yako. Sheria inataka akulipe hasara. Lakini nani anajua kuhesabu hasara ya dembo? Mahindi yanahesabika, mwembe unahesabika. Maji yaliyokuwa yakitoka mwezi wa nane yanaandikwa katika mstari gani?

Kuna sheria nyingine zinazosimama upande wetu, angalau katika karatasi. Mwaka wa 1982 UNESCO iliweka bonde la Lufira katika orodha ya mahali pa kuchungwa. Mwaka wa 1971, tarehe 2 mwezi wa pili, mataifa yalifanya mapatano katika mji wa Ramsar, kule Irani, juu ya nchi za maji maji, na katika jina la mapatano hayo yenyewe wametajwa ndege wa majini. Kongo iliingia mwaka wa 1996, na mwaka wa 2017 bonde la Lufira likaandikwa mule, zaidi ya hekta milioni 4. Ndani ya mpaka huo kuna ziwa Tshangalele, lililotokea wakati bwawa la Mwadingusha lilipojengwa, karibu na 1930. Mwaka wa 1960 mtaalamu Jean-Claude Ruwet alipata pale ndege mdogo wa manjano, mfumaji wa viota. Alipewa jina la kitaalamu mwaka wa 1982, kisha hakuonekana tena na wataalamu mpaka 2009. Ni ndege wa bonde hilo la Lufira. Watoto wetu wanajua majina ya wachezaji wa Ulaya wote, na ndege huyu aliye jirani yao hawamjui.

Lakini hekta milioni 4 ni kubwa mno kwa karatasi moja. Ndani yake kuna migini, migodi, mashamba, barabara. Hakuna mlinzi anayeweza kusimama kwenye kila dembo. Ndiyo sababu ninaamini kwamba mambo ya mabata yataamuliwa na watu kama mdogo wangu, jumamosi, wakibishana juu ya minervali, zaidi kuliko na wakubwa wa mikutano.

Nchi nyingine zimeelewa jambo hilo mapema. Marekani, tangu 1934, kila mwindaji mkubwa wa mabata lazima anunue tembre ya pekee. Kwa pesa hiyo Serikali yao inanunua madembo ya kwao, ama inamlipa mwenye shamba ili asiyakaushe, na shamba linabaki lake na la watoto wake. Mwindaji analipa ili kesho awe na cha kuwinda. Sisi hatukulipwa franga moja, wala sijasikia jirani aliyelipwa. Kama kuna mtu mwenye madaraka anayesoma ukurasa huu, namwomba afikiri: minervali ya watoto wawili kwa mwaka ingetosha kufanya jamaa nyingi zisiwafungulie mlango waoshaji wa mukuba. Ni pesa ndogo kuliko semina moja katika hoteli ya Lubumbashi.

Tena kuna wenye konsesio wakubwa kuliko sisi, nao ni misioni na maparokia. Nyingi zilipewa udongo zamani, na ndani yake mara nyingi kuna dembo, kwani mapadri wa kwanza na wachungaji walitafuta maji kwanza. Kamati ya vijana inayotafuta kazi ya kufanya isiende mbali. Wapite katika dembo ya parokia mwezi wa pili, alfajiri, wahesabu mabata, waandike katika daftari, warudi mwaka ujao wahesabu tena. Mimi nina daftari tangu 2013. Mwaka ule nilihesabu mabata wa mluzi 85. Mwaka wa 2019 walikuwa 41. Mwaka uliopita 63, na yule mdogo wa kijani wawili tu. Sijui yote yanayoongeza ama kupunguza, kwani mabata wanatembea mbali kufuata mvua, lakini bila daftari ningekuwa nasema tu "zamani walikuwa wengi" kama wazee wote.

Sasa shida yetu ni shimo la jirani. Tangu siku ile ya hatua 140, tumepima kila mwaka mwisho wa mvua, kwa kamba. Limekuja mpaka hatua 88. Kama litavuka mpaka na kuingia katikati ya dembo, maji yatashuka katika shimo, na mipango yetu yote, mboga, makoke, barua yenye muhuri, itakauka nayo. Jirani mwenyewe amekwisha kuona hasara. Mahindi yake ya mwaka huu hayakujaza gunia tatu. Tulimwendea pamoja na shefu, bila lawama, na Mama akampelekea kuku. Amekubali tuingie kwake kuziba.

Kazi yenyewe si ya akili nyingi, ni ya mgongo. Unajaza mifuko mchanga, unaweka mawe makubwa chini ya maporomoko ili maji yasimege, unajenga vizuizi vifupi ndani ya shimo, kimoja kisha kingine, tope lijae nyuma yake, na pembeni unapanda matete. Tumekwisha kuweka vizuizi vitatu. Inabaki vitano kabla ya mvua ya mwezi wa kumi na moja. Mdogo wangu ndiye anayesimamia; watoto wake wa universite wanafika jumamosi na kinga, wanabeba mawe kutoka vichuguu vilivyochimbwa mpaka chini, na jioni wanarudi mjini na mikono iliyochubuka. Juma lililopita mmoja wao aliniuliza kama ni kweli dume naye analalia mayai.